Mduara Usio na Pazia: Nani Mwenye Mchezo katika Maigizo ya Kibera na Kawangware?

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapofundishwa tamthilia, hufundishwa kwanza kitabu. Huambiwa kwamba tamthilia ni utungo uliosukwa kwa majibizano, wenye maelekezo ya jukwaani, uliogawika katika sehemu na maonyesho. Kisha huongezewa, kana kwamba ni jambo lililokumbukwa mlangoni, kuwa utungo huo hukamilika unapoigizwa mbele ya hadhira. Juu ya nyongeza hiyo hatutahiniwi. Hadhira hubaki istilahi tu: watu wasio na majina, waliokaa gizani, wanaocheka panapochekesha na kupiga makofi pazia linapoteremka.

Makala haya yametokana na kusimama juani. Mwandishi wake si mwigizaji wala mwelekezi. Ni mtazamaji ambaye kwa muda wa miaka mitatu amekuwa akihudhuria michezo inayoigizwa nje, aghalabu Jumamosi alasiri, katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi. Mara ya kwanza sikwenda na nadharia yoyote. Nilifuata mlio wa ngoma. Hoja ninayoileta kwa wasomaji wa jarida hili ni kwamba michezo hii haiwezi kuhakikiwa kwa mizani tuliyozoea ya ploti, wahusika na maudhui. Maudhui yake karibu hufanana yote, na wahusika wake ni wale wale: mume mlevi, binti wa shule, chifu, mhubiri. Kinachoutofautisha mchezo mmoja na mwingine ni jambo linalotokea pale uigizaji unaposimamishwa kwa makusudi na mtazamaji akaitwa aingie. Hapo ndipo hujulikana mchezo ni wa nani.

Uwanja na watu wake

Si kweli kwamba sanaa ya utendaji ililetwa Kibera na mashirika. Jina la mtaa lenyewe linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, kwani askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Hadi leo arusi ya Kinubi huko Makina ina doluka yake, ngoma ya wanawake ambayo mpita njia husimama kuitazama bila kualikwa. Kawangware nako, katika eneo la Dagoretti, wahamiaji wengi kutoka magharibi ya Kenya walikuja na isukuti yao, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nimeona vikundi vya maigizo vikianza kazi kwa isukuti mahali ambapo nusu ya watazamaji si Waluhya, na hakuna aliyeuliza maana. Ngoma ile hufanya kazi ya kengele.

Mtaa huu wa pili umewahi hata kupeleka mchezo ng'ambo. Mwaka 2004 vijana waliokuwa wakiishi mitaani Nairobi, chini ya mradi wa AMREF uliokuwa Dagoretti, waliigiza nchini Italia hadithi ya Pinocchio chini ya uelekezi wa Marco Baliani. Watazamaji wa kule walikaa vitini. Nautaja mchezo huo kwa sababu unaonyesha kwamba kukosekana kwa jukwaa mitaani humu hakutokani na kukosekana kwa vipawa.

Mduara hujengwa hivi. Wapiga ngoma huanza, vijana wawili au watatu wakapiga sarakasi, watoto wakaja mbio na kukaa chini mbele. Miguu ya watoto hao ndiyo mpaka wa jukwaa. Nyuma yao husimama vijana, kisha wanawake wenye mitungi ya maji, na nje kabisa waendesha bodaboda ambao hawashuki kwenye pikipiki zao. Ngoma inaponyamaza, ugomvi hulipuka katikati ya umati: mwanamke anamkaba mwanamume shati akidai pesa ya unga. Kwa muda kidogo watu huamini ni ugomvi wa kweli, na wapo wanaojaribu kuamua. Wanapogundua kuwa wamechezewa hucheka, na kicheko hicho ndicho tiketi yao. Maleba ni leso, koti lililopasuka na kofia ya chifu. Kiti kimoja cha plastiki huwa nyumba, kituo cha polisi na mimbari. Kibera, garimoshi likipita, waigizaji huganda walivyo mpaka behewa la mwisho litokomee, kisha neno lililokatwa katikati humaliziwa. Sijaona katika ukumbi wowote wa mjini taharuki iliyojengwa vizuri kuliko hiyo, nayo haikupangwa na mtu.

Kusimama kwa mchezo

Mbinu ya kuusimamisha mchezo na kumwita mtazamaji ina nasaba yake. Wengi huihusisha na Augusto Boal wa Brazil, aliyefariki mwaka 2009, ambaye kitabu chake kuhusu maigizo ya wanyonge kilitoka mwaka 1974. Nchini Kenya mbinu hiyo ilienea sana katika miaka ya 1990, hasa kwa kazi za vikundi vya elimu ya uraia, afya na amani. Lakini Afrika Mashariki haikumngojea Boal. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilifanyiwa mazoezi hadharani, na wanakijiji waliokuja kutazama wakawa wanasahihisha lugha na matendo ya waigizaji. Serikali iliondoa kibali cha mchezo huo Novemba mwaka ule ule, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini siku ya mwisho ya Desemba, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Tanzania nako, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, wakawaacha wachunguze tatizo lao wenyewe na kulitungia mchezo kwa ngoma wanazozijua. Kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu sanaa hii kinastahili kusomwa kabla ya Boal na mwanafunzi yeyote wa idara zetu, ingawa kimeandikwa kwa Kiingereza.

Sasa nieleze nilichokiona Kawangware mwishoni mwa mwaka 2024. Mchezo ulihusu mwanamke anayepigwa na mumewe. Mume anarudi usiku, anadai chakula, anakipindua chungu, anainua mkono. Hapo hapo mwezeshaji, kijana mwenye fulana yenye nembo ya mfadhili, anapiga filimbi na waigizaji wanaganda. "Ni nani anaweza kuwa huyu mama? Ungefanya nini?" Kimya. Kisha akajitokeza mwanamke wa makamo mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa akielekea sokoni. Aliifunga upya leso ya mtoto, akachukua nafasi ya mwigizaji, akamtazama yule mume aliyeganda na mkono juu. Hakukimbia, hakulia. Alitia mkono katika mfuko wa koti la mume, akatoa simu ya kuwaziwa, akapiga: "Mama, kuja uchukue mtoto wako. Mimi nimechoka kumlea." Umati ulilipuka. Wanawake wa mitungi walipiga vigelegele, na mwigizaji aliyekuwa mume aliushusha mkono wake bila kuambiwa, akisahau kuwa alipaswa kuganda.

Mwezeshaji alimshukuru, akawataka watu wampigie makofi, kisha akasema kwamba jibu sahihi ni kupiga ripoti katika kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia, na akasoma nambari ya simu mara mbili. Waigizaji wakauendeleza mchezo hadi kituo cha polisi, ambapo kile kiti cha plastiki kilingoja. Watu walianza kuondoka. Yule mama alishaondoka kabla yao.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba kumpigia simu mama mkwe ni dawa ya kipigo. Pengine kungemletea mwanamke yule hatari zaidi, na nambari iliyosomwa huenda ilimfaa mtu aliyesimama pale bila kusema neno. Ninachodai ni kwamba mjadala ulifungwa pale pale ulipokuwa unafunguka. Kwa nini hakwenda polisi? Chumba kimepangishwa kwa jina la nani? Msimamizi wa ploti angesimama upande upi? Maswali hayo yote yalikuwa ndani ya ile sentensi moja ya simu. Mwezeshaji hakuyasikia, kwa kuwa alikuwa na jibu mfukoni.

Wala si haki kumlaumu yeye peke yake. Baadaye nilimwona akijaza fomu: wanaume wangapi, wanawake wangapi, vijana wangapi, ujumbe gani umefika. Kikundi hulipwa kwa fomu hiyo. Mitaa hii imezoea kuhesabiwa na wengine. Kwa miaka mingi Kibera ilitajwa kuwa na watu milioni moja, mpaka sensa ya mwaka 2009 ilipowapata takriban 170,000. Fomu ile haina nafasi ya kuandika alichosema mama mwenye mtoto mgongoni.

Lugha ya mduarani

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili liko jambo jingine la kuudhi kidogo. Katika michezo mingi niliyoitazama, mhusika anayesema Kiswahili sanifu si mwema. Ni chifu anayesema "kwa mujibu wa sheria" huku mkono umetandazwa kupokea hongo, ni tapeli wa kazi za Uarabuni, ni mhubiri, ni afisa aliyekuja na gari kubwa. Msamiati wetu tunaoutolea jasho madarasani ndio unaomtambulisha mtu wa kuogopwa. Kijana shujaa husema Sheng, na mama wa nyumbani husema Kiswahili cha Nairobi chenye lafudhi ya kwao. Nilipoliona jambo hili mara tatu nilidhani ni sadfa. Baada ya mara kumi nilianza kulinakili.

Chimbuko lake kwa sehemu ni runinga. Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi vya tangu enzi za Sauti ya Kenya, viliwafundisha Wakenya kucheka lafudhi, na waigizaji wa mitaani ni warithi wao. Ila Kibera urithi huo una miiba. Mtaa huu uliungua katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, soko la Toi likateketezwa, na majirani wakatenganishwa kwa kusikilizana matamshi. Nimeona kwamba mwigizaji wa Kibera huigiza kwa kawaida lafudhi ya watu wake mwenyewe. Kawangware mzaha huvuka mipaka zaidi. Sijasikia mwelekezi akiitamka kanuni hiyo, nami sikuthubutu kuuliza.

Turudi kwenye sentensi ya simu. Mhadhiri angeweka alama nyekundu juu ya "kuja": amri ya kitenzi hiki katika Kiswahili sanifu ni "njoo". Kiswahili cha Nairobi hutumia umbo la kitenzi-jina mahali pa amri, na wasemaji wake hawaoni kasoro. Lakini sikiliza tofauti. "Njoo umchukue mwanao" ni ombi la mtu mwenye adabu kwa mama mkwe. "Kuja uchukue mtoto wako" imeondoa kiambishi cha mtendwa, na mume akawa mzigo ulioachwa stendi ukisubiri mwenyewe. Kicheko cha umati kilitoka humo. Kama angeisahihisha sentensi, angeipoteza.

Kitabu kikiingia mtaani

Yapo maigizo ya aina ya pili mitaani humu, nayo ni yale ya vitabu vya lazima. Kila tamthilia iliyoteuliwa kutahiniwa katika shule za upili, kuanzia Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea hadi Bembea ya Maisha ya Arege tena, imeleta vikundi vinavyozunguka shuleni na kuiigiza kwa kiingilio. Ubora wake ni wa kupanda na kushuka. Waigizaji huwa na haraka ya kuwahi shule ya pili, maonyesho hurukwa, na wanafunzi hujibizana na waigizaji kwa kuwa wameyakariri maneno.

Mwaka 2019, nikiwa katika mazoezi ya kufundisha, niliandamana na wanafunzi kwenda kutazama Kigogo katika ukumbi mmoja wa Kawangware. Mjuzi wa tamthilia hiyo atakumbuka kuwa Majoka, mtawala wa Sagamoyo, analifunga soko la Chapakazi. Mwaka mmoja kabla, Julai 2018, matingatinga yalikuwa yamebomoa makazi na shule Kibera ili barabara ipite, na watu wapatao 30,000 wakapoteza makao. Amri ya kufunga soko ilipotolewa jukwaani, sauti ya mvulana ikatoka nyuma: "Hata Kibera!" Mwigizaji wa Majoka, kwa akili ya haraka ambayo sijaisahau, aligeuka akaitazama sauti ile na kusema, "Nani huyo? Mwandikeni jina." Ukumbi mzima ukapiga kelele za furaha na hofu. Kwa nusu dakika Sagamoyo ilikuwa hapa. Kisha mwalimu mmoja akasimama, akawaamuru wanafunzi wanyamaze na waandike madokezo ya sifa za Majoka.

Naliweka tukio hili kando ya lile la filimbi na dawati la jinsia, kwa sababu naona ni tukio moja. Mwalimu pia alikuwa na fomu yake, nayo ni mtihani.

Udhibiti wa dola unajulikana zaidi. Alamin Mazrui alitiwa kizuizini mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya Kilio cha Haki kuchapishwa. Aprili 2025, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere, waliofika kwenye tamasha la kitaifa la drama mjini Nakuru na mchezo wa Echoes of War baada ya mahakama kuwaruhusu, waliimba wimbo wa taifa na kutoka bila kuigiza, na polisi wakatumia vitoa machozi nje. Habari hizo zilijaa magazetini, na ilikuwa haki zijae. Kunyamazishwa kwa mama wa Kawangware hakukuandikwa popote, kwani alinyamazishwa kwa makofi.

Baada ya fulana

Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje na kulifunga shirika la USAID. Sina hesabu ya vikundi vilivyoathirika, lakini macho yangu yaliona fulana zenye nembo zikipungua mduarani, na Jumamosi kadhaa nilifika nikakuta uwanja una mpira tu. Vijana wawili niliowafahamu kwa sura waliingia kazi ya bodaboda. Yeyote anayesema kwamba fedha za wafadhili ziliiharibu tu sanaa hii aende akawaulize hao.

Kikundi kile cha filimbi hakikufa. Katikati ya mwaka huo nilikikuta Kibera, si mbali na reli, kikiwa na waigizaji wanne badala ya tisa, bila kipaza sauti na bila fomu. Kofia ya chifu ilitumika kwanza katika mchezo, kisha ikazungushwa kwa watazamaji ikusanye sarafu. Mchezo ulikuwa ule ule wa mume na chungu. Ila mume alipoinua mkono hapakuwa na filimbi. Mwigizaji wa kike aliingiza mkono katika mfuko wa koti lake, akatoa simu ya kuwaziwa, akasema: "Mama, kuja uchukue mtoto wako. Mimi nimechoka kumlea." Neno kwa neno. Utungo wa yule mama wa Kawangware ulikuwa umeingia katika mchezo bila jina lake, kama ziingiavyo tungo zote za fasihi simulizi.

Watu walicheka. Lakini bibi mmoja aliyekuwa ameketi juu ya debe, kwa Kiswahili chenye ladha ya Makina, hakucheka. "Na huyo mama yake akisema, mlee hivyo hivyo, hata mimi baba yake alinipiga?"

Waigizaji walitazamana. Aliyekuwa mume aliketi kwenye kile kiti cha plastiki. Mwigizaji wa kike, simu bado sikioni, alimgeukia yule bibi na kumwambia: "Basi shika wewe, shosho. Ongea naye." Bibi aliufikiri mkono ule ulionyooshwa kwa muda mrefu, huku garimoshi likipita na kila mtu akiwa ameganda, kisha akainuka kutoka kwenye debe lake.